Afande Alijibu Alichoulizwa

Kwenye mlango wa karakana ya Afande, pale Kilosa, kulikuwa na bomba la shaba limetundikwa kwa waya, urefu wake kama mkono wa mtu mzima. Halikuwa la duara. Lilikuwa na pande nne, ncha moja imezibwa, nyingine iko wazi. Wateja walidhani ni kipande cha mfereji wa paa. Kila aliyekuja kuomba kufundishwa kazi alisimamishwa mbele ya bomba hilo na kuambiwa maneno yale yale: "Chungulia, uniambie unaona nini."

Aliyechungulia alifukuzwa. Kijana mmoja wa Kidodi alikuja na cheti chake cha ufundi kwenye bahasha ya nailoni, akachungulia kwa adabu, akasema haoni kitu.

"Kweli," Afande akamwambia. "Na hutaona tena. Wewe ni kipofu kuanzia sasa hivi. Nenda kwenu ukamwambie mama yako akutafutie fimbo."

Kijana akacheka akidhani ni utani. Alirudi Kidodi siku hiyo hiyo, juu ya lori la miwa lililokuwa linarudi tupu.

Zamu yangu ilipofika sikuchungulia. Niliuliza, "Limeunganishwa na nini, Afande?" Akanitazama kwa muda mrefu, kalamu yake nyekundu ikiwa nyuma ya sikio.

"Nani amekufundisha kuuliza hivyo?"

"Hakuna."

Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwake. Aliyenifundisha ni kaka yangu Hamisi, ambaye aliwahi kuambiwa maneno hayo hayo na mtu huyo huyo, wote wawili wakiwa askari, mbele ya bomba lililounganishwa na mtambo wa rada unaofanya kazi. Hamisi hakuuliza. Aliambiwa achungulie, akachungulia, na sasa ni kipofu anayekaa Kidete.

Nilikwenda kwa Afande kwa sababu ya sentensi moja tu. Nilitaka aandike kwa mkono wake kwamba kaka yangu alipofuka kazini, kwa amri yake, na kwamba hakuwa amekunywa gongo. Nilidhani ingechukua mwezi. Nilikaa miaka kumi na moja, na humo katikati nikawa fundi.

Jina lake ninalijua, lakini mjini hakuna aliyelitumia na mimi sitalitumia hapa. Kwa watu wote alikuwa Afande. Alistaafu na suruali zake za kijeshi, akazivaa mpaka magoti yakatoboka, akazishonea viraka, akaendelea kuzipiga pasi. Chai aliinywa bila sukari na alimdharau anayeweka. Asubuhi, kabla ya kufungua, alipanga bisibisi zake juu ya gunia kuanzia kubwa mpaka ndogo, na ukirudisha moja mahali pasipo pake hakukwambia. Aliitupa nje barabarani, ukaenda kuiokota mbele za watu.

Kwa salamu alikuwa mkali kuliko shehe. Shikamoo ya kutupiwa njiani hakuijibu. Ilibidi usimame, uvue kofia kama unayo, umtazame usoni. Kisha alikaa kimya kidogo, kana kwamba anapima kitu, ndipo akasema marahaba. Siku akiwa amekukasirikia aliiacha shikamoo yako ikining'inia hapo hapo, na kazi ikaanza hivyo hivyo. Mimi niliwahi kumaliza Ramadhani nzima bila marahaba, kosa langu likiwa kuunguza transista moja. Asubuhi ya Idi akaniitikia, na naona aibu kusema jinsi nilivyofurahi.

Lakini mtu huyo huyo, akija mama wa wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa, amebeba redio yake kwenye ungo na Kiswahili chake kinachechemea, alisimama yeye kwanza. Alimpa kiti. Alimweleza ugonjwa wa redio polepole, mara mbili, bila kumkejeli. Nilimuuliza siku moja mbona sisi hatupati hayo. Akasema, "Yule hataki kuwa fundi."

Alichokijua kilikuwa kikubwa kuliko Kilosa, na nadhani hilo lilimuuma. Alikuwa amefundishwa rada. Ndani ya rada kuna kifaa kinaitwa magnetroni, kinatosha kwenye viganja viwili, na hicho ndicho kinachozalisha mawimbi. Kile kilichomo kwenye majiko ya maikrowevu ni mdogo wake wa mwisho. Mawimbi yakiwa makali hivyo hayapitishwi kwenye waya, hupitishwa ndani ya bomba la shaba la pande nne, kama lile la mlangoni. Bomba likiingia uchafu au likilegea kwenye kiungo, ndani yake huruka cheche za buluu, na fundi anayetaka kujua zinaruka wapi hushawishika kuweka jicho. Jicho haliumi siku hiyo. Linaanza kufifia baada ya majuma.

Mezani kwake alikuwa na magnetroni moja iliyokufa, ya jeshini, nzito. Sumaku yake bado ilikuwa na nguvu, kwa hiyo aliitumia kushikia skrubu. Akiwa anasikiliza redio aliipapasa. Habari za vita vya mbali alizifuatilia kama wengine wanavyofuatilia mpira: nani amerusha ndege zisizo na rubani, nani ameziangusha. Siku aliyosikia kwamba kuna majeshi yanachoma ndege hizo kwa mawimbi, kundi zima kwa mkupuo mmoja, bila risasi hata moja, alizima redio, akakaa.

"Waliosema fimbo ya mbali haiui nyoka," akasema, "hawakuwahi kushika magnetroni."

Kuna siku tulikuwa Kidodi kufunga kipaza sauti cha shule, na watu walikuwa wanapima mashamba ya miwa kwa kindege kidogo kinachovuma juu yetu. Wote tulitazama juu tukashangaa. Afande alinyoosha mkono kukielekea kama mtu anayelenga, akafumba jicho moja, akafuatisha mwendo wake mpaka kilipotua. "Ningekiangusha juu ya kichwa cha anayekirusha," akasema. Alitabasamu kutwa nzima, na ni moja ya siku chache nilizomwona na furaha.

Kufundisha kwake kulikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza: usiamini lebo. Boksi likiandikwa volti kumi na mbili, pima. Mteja akikwambia simu imeingia maji, pima. "Maandishi yameandikwa na mtu," alisema, "na mtu ana sababu zake." Ya pili: fundi hujibiwa alichouliza. Ukimuuliza swali, alikujibu ukweli, upesi, kamili, na hakuongeza neno. Usipouliza, alikutazama ukiunguza.

Kanuni hiyo ya pili niliiona vizuri Mikumi. Tuliitwa kwenye jiko la nyumba moja ya wageni, kutengeneza maikrowevu. Mpishi alikuwa mama mnene, mcheshi, aliyetukaribisha wali na mchicha kabla hata hatujafungua kifaa. Afande alibadilisha fyuzi, akawasha, akapitisha kitaa chake kidogo cha neoni kandokando ya mlango. Kikawaka upande wa bawaba. Mimi niliona. Yeye aliona. Mama akafuta mikono kwenye kanga, akauliza, "Fundi, sasa inapasha?"

"Inapasha," akasema Afande, akafunga begi.

Tulipofika barabarani nikamwambia, "Afande, ule mlango unavuja mawimbi."

"Unavuja sana."

"Na yule mama anasimama pale kutwa, uso wake uko sawasawa na mlango."

"Aliniuliza kama unavuja?"

Nilirudi kwa miguu, jua la saa saba, nyani wamekaa kwenye kingo za barabara wakinitazama. Nilimwambia mama aichomoe maikrowevu ukutani, asiitumie mpaka tulete mlango mwingine. Nilipomrudia Afande alikuwa bado amesimama palepale, mikono nyuma. "Basi limetuacha," akasema. "Na umemharibia somo lake. Angejifunza kwa jicho moja, la pili lingebaki."

Tulirudi Kilosa kwa basi lililofuata. Nilikuwa nawaza kwamba hivyo ndivyo anavyomfikiria Hamisi, kama somo.

Mambo ya Hamisi nayaeleza nilivyoyasikia kwa Hamisi mwenyewe, na Afande hakuwahi kuyakanusha. Mtambo ulikuwa unapoteza nguvu. Afande, mkuu wake wa zamu, alifungua kiungo cha bomba, akamwambia achungulie amwambie anaona nini. Hamisi aliweka jicho la kulia, akaona cheche, akaweka na la kushoto ili awe na hakika. Alifurahi kwamba ameona. Baada ya majuma alianza kuwagongagonga watu kwenye foleni ya chakula. Ikaandikwa taarifa, na aliyeiandika ni Afande: kwamba askari huyu amekunywa gongo, sumu imeua mishipa ya macho, haitibiki.

Sisi ni watu wa swala. Hamisi hajawahi kuonja pombe, hata togwa iliyolala aliiogopa. Kabla ya kwenda jeshini ndiye aliyekuwa akiadhini pale Kidete, na sauti yake ilisikika mpaka ng'ambo ya mto Mkondoa. Alirudi ameshikwa mkono, na karatasi ya taarifa hiyo mfukoni. Kijijini kila mtu anajua gongo inapofusha, imeshawapofusha watu tunaowajua, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Wazee wa msikiti walimwambia kwa upole akae safu ya nyuma. Watoto walimpa jina la Kipofu wa Gongo. Mama yetu aliificha ile karatasi kwenye debe la mchele, lakini kila tulipompeleka Hamisi kwa mganga wa zahanati tuliitoa, mganga akaisoma, akaikunja, akatupa pole. Mwishowe Hamisi akaacha kwenda. Akanunua miwani myeusi, na hakuivua mbele ya mtu isipokuwa mkewe.

Kwa hiyo nilitaka karatasi iifute karatasi. Niliona hivyo, na sikuona njia nyingine.

Mwaka wangu wa pili kwa Afande, siku ya pili ya Idi, nilimpa barua. Nilijitaja kwamba mimi ni mdogo wake Hamisi, nikaomba aandike ukweli. Akaisoma yote akiwa amesimama.

"Nilijua tangu siku ya kwanza," akasema. "Uliuliza kama mtu aliyefundishwa."

"Mbona ulinipokea?"

"Adui anakaza skrubu vizuri kuliko rafiki."

Kisha akachukua kalamu nyekundu iliyokuwa nyuma ya sikio lake, akaketi, akasahihisha barua yangu. Nukta. Herufi kubwa. Sentensi ndefu mno aliikata katikati. Chini akaandika, "Rudia," akanirudishia. Mwaka uliofuata nikarudia, akasahihisha tena. Kila Idi barua moja, kila barua ikarudi na wekundu wake. Ya nane haikuwa na kosa, nina hakika, kwa sababu niliikalia mwezi mzima. Aliigeuza huku na huku, akaandika pembeni: "Mwandiko." Niliichana mbele yake. Akaniambia nikafagie karakana, maana nimeichafua kwa vipande vya karatasi.

Mtu atauliza kwa nini sikuondoka. Nilishajiuliza sana. Nilikuwa najifunza. Hapakuwa na fundi mwingine Kilosa ambaye angempokea mwanamke, na huyu hakujali, alinitukana sawa na alivyowatukana wanaume. Siku niliyofufua simu iliyoshindikana Morogoro, alichukua kioo chake cha kukuzia, akakagua kila nilipolehemu, akasema, "Hii ni kazi." Maneno hayo matatu niliyabeba mpaka nyumbani. Nilimpenda, nasema wazi, na mapenzi hayo yalinifanya nijione msaliti kila nilipovuka kwenda Kidete kumjulia hali kaka yangu.

Hata amplifaya ya msikiti wa Kidete ilipoungua, ni mimi niliyeileta Kilosa. Afande aliitengeneza vizuri ajabu, akabadilisha hata vitu ambavyo vingedumu, akakataa kulipwa chochote. Alipokuwa anaifunga akauliza, "Nani anaadhini sasa?"

"Mwingine."

"Nimemsikia siku nilipopita na treni," akasema. "Sauti mbaya. Hilo siwezi kulitengeneza."

Macho yake yeye yalianza kumwacha polepole, kwa uzee tu. Alificha. Alianza kuniambia nilehemu mimi ili nipate mazoezi, mimi niliyekuwa nimelehemu miaka tisa. Alipanga bisibisi zake kwa kupapasa. Siku moja nilichanganya mbili makusudi, kubwa na ndogo. Alizishika, akazitambua, akazirudisha mahali pake, na hakuitupa hata moja nje. Nilijua basi kwamba hawezi tena kuona ingeangukia wapi. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Halafu nikaenda nyuma ya karakana nikalia.

Mkewe alikuwa ameshaondoka zamani, na watoto wake hawakufika. Kwa hiyo tuliposikia kwamba madaktari wa macho wako Berega kwa wiki moja, kwenye hospitali ya misheni, aliyempeleka ni mimi. Njia nzima hakusema asante. Alilalamika kwamba nimemshika mkono kama mbuzi. Walimfanyia upasuaji jicho la kushoto, wakamfunga bandeji, akalala wodini. Asubuhi yake wakaifungua nikiwa mbele yake. Alipepesa, akanitazama, akanitazama tena.

"Umezeeka," akasema.

Tulikaa benchi la nje pamoja na wengine wanaosubiri dawa za kuondoka nazo. Muuguzi mmoja, msichana mwenye sauti kubwa, alikuwa anatoa somo. Alisema ule ukungu mweupe unaoziba mboni, mtoto wa jicho, si mwisho wa mtu. Hata mtu awe haoni kwa miaka mingi, amulikwe tochi kwa pembeni. Akijua mwanga unatoka upande gani, aletwe, maana jicho bado liko hai nyuma ya ukungu.

Nikainua mkono. "Na aliyepofuka kwa gongo?"

"Gongo inaua mshipa wa nyuma, mama. Ukimtazama mboni yake ni nyeusi, safi kabisa, ila haoni. Ukiona mboni nyeupe, hiyo si gongo."

Mboni za Hamisi ni nyeupe. Nilizijua. Niliziona mara moja wifi yangu alipokuwa anamwosha uso, nyeupe kama uji wa mchele, zote mbili, na nikageuka upande kwa kumhurumia.

Muuguzi aliendelea, lakini sikumsikia. Nilimgeukia Afande.

"Afande. Ulijua kwamba macho ya Hamisi yana mtoto wa jicho?"

"Nilijua." Alijibu upesi, kama kawaida yake.

"Ulijua huo ukungu hutolewa?"

"Hata wakati ule ulikuwa unatolewa. Lakini daktari angeuliza umempataje kijana wa umri ule. Gongo haiulizwi."

"Miaka kumi na moja nimekaa kwako."

"Na umeandika barua kumi. Nilizisoma zote. Zote zinaomba karatasi. Hakuna hata moja inayouliza kama anatibika." Akavuta pumzi. "Ungeuliza, ningekujibu."

Mzee aliyekaa upande wa pili wa benchi alisogea mbali kidogo. Nadhani niliinua sauti, sikumbuki nilisema nini. Afande alisubiri nimalize.

"Lebo ilisema haitibiki," akasema, "ukaiamini. Mimi nilikufundisha nini?"

Nilimchukia mpaka mikono ikaniuma. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa sahihi. Kwenye meza yangu, karakanani, nilikuwa nimetengeneza tochi zisizo na idadi. Nilizijaribu zote kwa kuziwasha ukutani. Sikuwahi kubeba hata moja kwenda Kidete kumulika uso wa ndugu yangu, kwa sababu karatasi kwenye debe la mchele ilisema hakuna haja.

Nikampigia wifi yangu Zuhura, nikaweka simu kwenye spika.

"Wifi, Hamisi yupo?"

"Yupo, anapukuchua mahindi. Kuna nini?"

"Mwambie avue miwani. Wewe chukua tochi."

"Tochi mchana wote huu?"

"Afunge mlango na dirisha," Afande akasema kando yangu, kwa sauti ya kufundishia. "Asimwambie anamulika wapi. Atokee pembeni, sio mbele. Na asimsogelee, asije akahisi pumzi."

Nikayarudia maneno yake moja moja kwenye simu. Tulisikia mlango ukiburutwa, mahindi yakimwagika, Zuhura akisema samahani.

"Kushoto," akasema Hamisi.

Tukasubiri.

"Kulia. Sasa juu. Sasa umezima." Akacheka kidogo. "Mnacheza nini?"

"Amepata zote," Zuhura akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Wifi, amepata zote."

"Kaka," nikasema, "siku zote hizi unaona mwanga?"

"Si mwanga hasa, ni kama moshi mweupe. Asubuhi unakuja, jioni unaondoka."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani vipofu wote wanaona hivyo."

Simu ilikuwa mkononi mwangu, na benchi zima lilikuwa likisikiliza. Ndipo Hamisi akauliza, "Nani huyo anakuelekeza? Nasikia sauti ya mtu." Halafu akakisia mwenyewe. "Ni Afande?"

"Ndiye," nikasema.

Nilisikia kitu kikigonga chini, na Zuhura akimwambia kaa, usisimame, utajikwaa. Alikuwa amesimama.

"Shikamoo, Afande," akasema kaka yangu.

Nilimtazama Afande. Nilijua ataiacha ining'inie. Nilitaka aiache, ili nami nipate sababu ya kumwacha hapo kwenye benchi, nipande gari peke yangu.

"Marahaba, Hamisi," akaitikia papo hapo. "Macho yako yanatibika. Dada yako atakuleta Berega, mje kabla wiki haijaisha."

"Asante, Afande. Asante sana. Mungu akulipe." Alikuwa analia, mtu mzima, akimshukuru. Alimshukuru tena na tena mpaka nikakata simu.

"Umeona," Afande akasema. "Hakuhitaji barua."

Muuguzi akaja na kichupa cha dawa na karatasi yake, akaniuliza kama mimi ndiye mtoto wake. Nikasema ni fundi wake. Akanielekeza: matone mawili, mara nne kwa siku, mwezi mzima, bila kuruka hata siku moja, la sivyo jicho litaharibika. Akaenda zake. Nilikaa na kichupa kile kiganjani, kidogo, chepesi, nikajua kwamba sasa kuna kitu cha Afande kimo mkononi mwangu, na yeye alijua. Alitazama tu kichupa kwa jicho lake jipya.

Nikafikiria maswali yote ambayo sikuwahi kumuuliza. Nikachagua moja.

"Siku ile, kwa nini hukuchungulia mwenyewe?"

Hakujibu upesi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akilitafuta jibu. Jicho lilimtoka machozi, labda ni dawa, labda ni mwanga wa nje uliokuwa mkali.

"Niliogopa," akasema.

Nikafungua kifuniko. Nikamwinamisha kichwa nyuma, nikamshika kope kwa kidole, nikamtilia matone mawili, kama karatasi ilivyosema.